Pikapu Iliyokalia Shokapu Zake

Pikapu hii ililetwa kwangu ikiwa imeshaua seti mbili za shokapu za nyuma ndani ya mwaka mmoja. Mwenye gari, kijana anayebeba vyombo vya muziki mwisho wa wiki, alishuka akiwa ameshika shokapu ya kushoto iliyolowa mafuta kuanzia kwenye sili, mpira unaozuia mafuta yasitoke, hadi jicho la chini, tundu inapofungiwa. "Fundi, hizi ni feki," aliniambia. "Naomba unitafutie ngumu kuliko hizi."

Nilimwomba aniachie gari siku mbili kabla hajanunua chochote. Seti ya kwanza ilikuwa ile iliyotoka na gari kiwandani, nayo haikuwa feki. Seti ya pili ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza, na imekufa haraka zaidi. Shokapu ngumu ikifa kabla ya laini, tatizo mara nyingi liko kwenye kitu kinachoipiga.

Kisa hiki nakiandika kwa kirefu kwa sababu karibu kila wiki naona gari lililoshushwa vizuri kwa macho na vibaya kwa vipimo, na mwenye gari anaendelea kununua shokapu kama anayenunua balbu.

Gari lilivyokuwa

Ni pikapu ndogo inayoendeshwa na magurudumu ya nyuma peke yake. Mbele ina mikono miwili kila upande, wa juu na wa chini, na badala ya koili ina torsheni baa, yaani chuma kirefu kinachojisokota kikibeba uzito. Nyuma ina springi pati, na ekseli imelala juu ya springi. Neno hilo "juu" lishike, maana ndilo linaloamua mambo mengi yanayofuata.

Gereji iliyolishusha ilifanya kazi ya aina mbili. Mbele walilegeza bolti za torsheni baa hadi gari likashuka milimita 50, yaani inchi mbili. Nyuma waliweka bloku za milimita 75, inchi tatu, kati ya springi na ekseli. Kwa gari ambalo ekseli iko juu ya springi, bloku ikikaa katikati ekseli inapanda, chasisi inaikaribia, na gari linashuka. Kwa gari ambalo ekseli iko chini ya springi, bloku hiyohiyo inaliinua gari. Huko kushusha kunataka ekseli ihamishwe kutoka chini ya springi kwenda juu yake, na hapo gari linashuka kwa unene wa ekseli na springi zikijumlishwa, kiasi kikubwa ambacho mara nyingi hulazimisha chasisi ikatwe nafasi ya ekseli na kuimarishwa kwa chuma. Nimeona watu wakinunua bloku bila kuinama kuangalia ekseli imelala wapi.

Malalamiko ya mwenye gari yalikuwa manne. Nyuma inagonga kwenye matuta hata gari likiwa tupu. Likiwa na mzigo linagonga mfululizo, mgongo unauma. Kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi, nyuma inazama na kuanza kurukaruka kwenda pembeni. La nne alilitaja akiwa ameshageuka kuondoka: siku za mvua, akikanyaga breki gari likiwa tupu, nyuma inateleza. Hilo alilipeleka kwa muuza tairi, akanunua tairi mbili mpya, na hali ikabaki vilevile.

Kovu lililotaka kunidanganya

Nilianza na shokapu iliyovuja. Nilipofuta mafuta kwenye rodi, chuma kinachoingia na kutoka kwenye shokapu, niliona alama tatu ndogo za meno ya plaizi. Aliyeifunga aliishika rodi kwa plaizi ili isizunguke akikaza nati ya juu. Rodi ya shokapu ni laini kama kioo kwa makusudi, kwa sababu sili inapita juu yake mara maelfu kila siku. Mkwaruzo unaoweza kuusikia kwa ukucha unakula sili kama msumeno. Rodi hushikwa pale juu palipotengenezwa kwa spana, penye kichwa bapa au tundu la pembe sita, na si mahali pengine.

Ningeweza kuifunga kesi hapo. Lakini shokapu ya kulia haikuwa na alama hata moja ya plaizi, na ilikuwa na kitu kibaya zaidi. Mabano yake ya juu kwenye chasisi yalikuwa yamepinda, na pembeni mwa weldi kulikuwa na ufa mwembamba uliokwishaingia kutu. Bushi ya juu ilikuwa imebanwa hadi ikatoka nje kama ulimi. Shokapu hufanya kazi kwa kuvuta na kusukuma mafuta kwenye matundu madogo, na nguvu yake inategemea kasi ya rodi. Kupinda chuma cha chasisi namna ile haiwezi kwa kazi hiyo. Ili mabano yapinde hivi, shokapu lazima iwe imefungwa hadi mwisho, chuma kwa chuma, kisha uzito wa gari ukashuka juu yake.

Ndipo nikalala chini ya gari na tochi kutafuta raba za stopa, zile zinazoizuia ekseli isigonge chasisi. Hazikuwepo. Zilikuwa zimekatwa hadi kwenye bati, pande zote mbili.

Kwa nini raba zilikatwa, na kilichofuata

Aliyekata raba alikuwa na mawazo ambayo ukiyasikia utaona yana akili. Gari limeshuka, ekseli imekaribia raba, gari linagonga raba kila mara, basi tutoe raba lipate nafasi ya kucheza. Kasoro ya mawazo hayo ni kwamba raba haikuwa inazuia mchezo tu, yaani kupanda na kushuka kwa ekseli. Ilikuwa inailinda shokapu isifike mwisho wake.

Vipimo vyenyewe ni hivi. Gari la aina hii likiwa na urefu wake wa kiwandani, bila mzigo, umbali kutoka kwenye ekseli hadi ncha ya raba ni milimita 95. Raba yenyewe ina urefu wa milimita 60, na ikibanwa sana inabaki kama 30. Kwa hiyo ekseli inaweza kupanda 95 na 30 nyingine, jumla 125, kabla raba haijakataa kabisa. Shokapu ya kiwandani ikifungwa hadi mwisho ina milimita 320 kutoka jicho hadi jicho, na ikivutwa hadi mwisho ina 510. Ekseli ikiwa imefika juu kabisa na raba imebanwa, umbali wa jicho hadi jicho unakuwa kama 325. Zinabaki milimita tano. Chache, lakini zinatosha: raba inagusa kwanza, shokapu haigusi kamwe.

Sasa angalia jambo ambalo wengi hawalioni. Kushusha gari hakubadilishi mahali raba ilipofungwa kwenye chasisi wala mahali ekseli inapoigusa. Gari hili hata lishushwe inchi tatu, ekseli ikifika juu kabisa shokapu itakuwa na urefu uleule wa 325. Ina maana kwamba raba za kiwandani zingeachwa, shokapu za kiwandani zisingekufa kwa kufika mwisho. Gari lingegonga raba mapema na lingekuwa gumu, lakini shokapu zingepona.

Raba zilipokatwa, ekseli ilikuwa na milimita 80 za kupanda kabla ya kugusa bati. Shokapu, zenye milimita 320 zikiwa zimefungwa, zinafika mwisho ekseli ikiwa imepanda 56 tu. Kuanzia hapo stopa ya gari ni shokapu, ikitumia pistoni yake, vali yake ya chini na mabano yake kuzuia gari zima.

Nilitaka kujua mzigo unakula kiasi gani cha milimita hizo 56. Tuliweka mifuko miwili ya saruji, kilo 50 kila mmoja, kwenye bodi juu kabisa ya ekseli, tukapima ukingo wa bodi kutoka chini kabla na baada. Nyuma ilishuka milimita 20. Kilo 100 ni karibu nyutoni 980, kwa hiyo springi zote mbili kwa pamoja zinahitaji karibu nyutoni 50 ili zishuke milimita moja. Mzigo wa kawaida wa kijana huyu ni kama kilo 200 juu ya ekseli, kwa hiyo gari linazama karibu 39 kabla halijaondoka mahali. Zinabaki 17 kabla shokapu haijafika mwisho. Kidole gumba changu kina upana unaozidi hapo. Siku alizobeba kilo 300, gari lilishuka hadi likakaa juu ya shokapu kabisa, na alisafiri hivyo njia nzima.

Nilimwonyesha hesabu hiyo kwa chaki sakafuni. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwa hiyo nilikuwa nimezikalia."

Kwa nini ngumu zilifanya hali iwe mbaya zaidi

Swali la haki: basi zile ngumu, kwa nini hazikusaidia hata kidogo?

Bloku haibadilishi ugumu wa springi. Springi ni zilezile, zimebebwa mahali pengine tu. Torsheni baa iliyolegezwa nayo haibadiliki ugumu, imeanzia kwenye pembe nyingine tu. Kazi ya shokapu ni kutuliza springi, na kiasi cha utulizaji kinachohitajika hufuata ugumu wa springi na uzito unaobebwa. Springi isipobadilika, utulizaji unaohitajika haubadiliki. Hata ukiweka springi fupi zenye ugumu wa asilimia 30 zaidi, utulizaji unaohitajika hauongezeki kwa 30. Unaongezeka kwa kipeuo cha pili cha uwiano huo, yaani kama asilimia 14. Ni mabadiliko madogo. Shokapu za mashindano zenye ugumu mara mbili hazina kazi kwenye gari hili.

Ugumu wa seti yake ya pili ulikuwa mkubwa zaidi upande wa kuvutwa, yaani ekseli ikirudi chini. Kwenye barabara yenye mawimbi, tairi linapiga tuta la kwanza na kupanda. Linatakiwa lirudi chini kabla ya tuta la pili. Shokapu ngumu inalichelewesha, kwa hiyo tuta la pili linalikuta likiwa bado juu na kulisukuma zaidi. La tatu vilevile. Kila tuta linaiba milimita chache, gari linazama polepole hadi mchezo unakwisha, na baada ya hapo tairi linaachana na barabara. Huko ndiko kuzama na kurukaruka pembeni alikokulalamikia. Kwenye gari lenye mchezo wa milimita 125 kuna nafasi ya kupotezea. Kwenye lenye 56, hakuna.

Kwa hiyo mfuatano wa kuchagua ulikuwa umegeuzwa. Huwezi kuchagua shokapu kabla ya kujua ekseli inasimama wapi juu na inasimama wapi chini, na huwezi kujua hilo kabla ya kuamua gari likae urefu gani na stopa gani. Shokapu inakuja mwisho. Muuzaji akikuuliza "umeshusha inchi ngapi?" bado hajauliza swali linalotosha.

Jicho la chini limefungwa wapi?

Kabla ya kupima, kuna kitu cha kuangalia ambacho kinaweza kukuokolea gharama yote. Kwenye gari hili, jicho la chini la shokapu limefungwa kwenye mabano yaliyochomelewa kwenye ekseli yenyewe. Ekseli ikipandishwa na bloku, shokapu inafupika. Hapa urefu wa jicho hadi jicho gari likiwa limesimama ulitoka 440 hadi 370.

Lakini kuna pikapu ambazo jicho la chini limefungwa kwenye bamba la yubolti (bolti yenye umbo la U inayobana springi na ekseli pamoja), lile linalokaa chini ya springi. Huko bloku haiigusi shokapu kabisa, kwa sababu springi na bamba lake havijasogea kuelekea chasisi; kilichosogea ni ekseli. Gari limeshuka inchi tatu na shokapu iko palepale ilipokuwa. Mtu akinunua shokapu fupi kwa gari hilo, zitavutwa hadi mwisho kila tairi likiingia shimoni. Dakika moja chini ya gari na tochi inatosha kujua.

Tulivyopima

Nilizungumza na mwenye gari kuhusu urefu. Alitaka gari libaki chini, na mimi sina ugomvi na hilo. Gari lililoshushwa kwa kiasi lina mwonekano mzuri na halilali sana kwenye kona. Nilimwambia kwamba milimita 75 nyuma na kilo 200 za vyombo haviwezi kuishi pamoja bila kukata chasisi, na gari lake halistahili kukatwa chasisi kwa ajili ya spika. Tulikubaliana 50 nyuma na 30 mbele.

Kwa nyuma tulichagua raba mpya za stopa za povu la poliyurithani, zenye urefu wa milimita 45. Aina hii huanza laini na kuwa ngumu kadiri inavyobanwa, na hubanwa hadi theluthi moja, yaani 15. Stopa ya namna hiyo si ukuta. Ni sehemu ya mwisho ya springi. Kwa bloku za 50, ekseli inapata milimita 60 za kupanda kabla ya kuigusa, na 30 nyingine ndani yake. Jumla 90. Ukiondoa 39 za mzigo wa kawaida, bado kuna 51.

Kisha tulipima kwa mkono, bila kutegemea hesabu ya karatasi peke yake. Gari lilikaa kwenye stendi kwa chasisi, shokapu zimetolewa. Kwa kuwa ekseli iko juu ya springi, ukifungua yubolti inakuwa huru, unaweza kuiinua kwa jeki bila kupigana na springi. Tuliifunga mnyororo isizunguke, tukaangalia hosi ya breki isivutwe, tukaweka kipande cha mbao cha milimita 15 mahali pa raba kuwakilisha raba iliyobanwa kabisa, na kuinua hadi ekseli ikagusa mbao. Jicho hadi jicho: 312. Hapo hapo nikaangalia propela, shafti inayozungusha ekseli, haigusi sakafu ya bodi na bomba la moshi halibanwi, kwa sababu ekseli sasa inafika milimita 15 juu kuliko kiwandani ilivyoruhusiwa.

Baadaye yubolti na bloku mpya zikarudi, gari likiwa bado kwenye stendi, ekseli ikaachwa ining'inie kwa uzito wake. Jicho hadi jicho: 459.

Hizo namba mbili ndizo nilizozitaka tangu siku ya kwanza. Shokapu inayofaa lazima ikifungwa iwe fupi kuliko 312, kwa nafasi ya milimita 12 hadi 25 ili raba ifike kwanza siku zote. Ikivutwa iwe ndefu kuliko 459, kwa nafasi ndogo, ili springi ndiyo isimamishe ekseli chini na si rodi ya shokapu. Tulipata yenye 298 ikifungwa na 470 ikivutwa. Gari likiwa limesimama bila mzigo, shokapu ina urefu wa 393, yaani 95 za kufungwa na 77 za kuvutwa. Zaidi ya nusu ya mchezo iko upande wa kufungwa, na kwa gari linalobeba mzigo ndivyo inavyotakiwa.

Mlalo nao niliuangalia. Shokapu ikilala, nguvu yake kwenye ekseli inapungua kwa kosaini ya pembe ikizidishwa yenyewe kwa yenyewe. Iliyolala nyuzi 45 inafanya nusu ya kazi yake. Hii ilitoka nyuzi 20 hadi kama 22, tofauti isiyofika asilimia nne, kwa hiyo niliiacha.

Ugumu tuliochagua ni wa karibu na kiwandani. Muundo ni wa mrija mmoja wenye gesi ya naitrojeni, kwa sababu mafuta yake hayachanganyiki na gesi gari likitetemeka kwa muda mrefu kwenye barabara ya vumbi. Shokapu ya mrija mmoja ina shinikizo la gesi la kama baa 20 hadi 25, na gesi hiyo huisukuma rodi nje wakati wote. Rodi ya milimita 14 kwa baa 25 inasukuma karibu nyutoni 385. Mbili nyuma zitaliinua gari milimita kadhaa. Kwa hiyo urefu wa mwisho hupimwa baada ya shokapu kufungwa.

Muundo wa mirija miwili ungefaa pia na ungekuwa mpole zaidi. Angeuchagua, ningempa maelekezo ya kuzisimamisha wima na kuzivuta na kuzifunga mara nne au tano kabla ya kuzifunga kwenye gari, ili hewa iliyoingia upande wa mafuta zikiwa zimelazwa dukani itoke.

Breki ilikuwa inaamini kuna mzigo

Hapa ndipo nilipokasirika, si kwa mwenye gari bali kwa kazi aliyofanyiwa.

Pikapu nyingi zina vali ya breki ya nyuma inayosoma mzigo. Iko kwenye chasisi, na ina mkono mrefu au springi inayoshuka hadi kwenye ekseli. Gari likibeba, chasisi inaikaribia ekseli, mkono unasukumwa, na vali inaruhusu shinikizo zaidi kwenda nyuma kwa sababu nyuma sasa kuna uzito wa kushika barabara. Gari likiwa tupu, vali inapunguza shinikizo ili nyuma isijifunge.

Vali haijui bloku ni nini. Inajua umbali tu. Lilipowekwa milimita 75 za bloku bila kusogeza mabano ya mkono huo, vali ilisoma gari lililozama 75, ambalo kwa springi hizi ni sawa na kama kilo 380 nyuma. Gari tupu, barabara imelowa, na breki za nyuma zinapewa nguvu ya gari lililojaa. Tairi mbili mpya alizonunua zisingeweza kurekebisha hilo.

Tulisogeza mabano kwa kiasi kilekile gari lilichoshushwa, tukafuata kipimo cha mtengenezaji cha urefu wa mkono, kisha tukalijaribu kwenye mashine ya kupimia breki, tupu na likiwa na mzigo. Ukishusha pikapu na usijue vali hii iko wapi, simama kwanza uitafute. Shokapu mbovu inakuumiza mgongo. Nyuma inayojifunga kwenye kona ya mvua inageuza gari.

Mbele, na mengineyo

Mbele palikuwa na kosa lilelile kwa kiwango kidogo. Mkono wa chini ulikuwa umebakiza milimita tano kufika kwenye raba yake. Shokapu ya mbele imefungwa katikati ya mkono, kwa hiyo gurudumu likipanda 50, shokapu inafungwa kama 30 tu. Usichukue kipimo cha kwenye tairi ukanunulia shokapu. Tulikaza bolti za torsheni baa hadi ushukaji ukawa 30, tukaweka raba fupi, na shokapu za mbele zikabaki zilezile kwa sababu bado zilikuwa nzima na ndani ya mchezo wake. Njia bora kuliko zote mbele ni kubadilisha nako, ile sehemu inayobeba gurudumu, kwa nyingine ambayo ekseli fupi ya gurudumu imeinuliwa. Hiyo inashusha gari bila kugusa pembe za mikono, bila kula mchezo, na shokapu za kiwandani zinabaki sahihi kabisa. Ringi za gari hili hazikuwa na nafasi ya kutosha kwa nako hizo.

Yubolti za zamani zilitupwa. Yubolti ikishakazwa mara moja imevutika. Ikifunguliwa hairudishwi tena kwa imani ileile, na hizi zilikuwa fupi mno kwa kutumika na bloku, nati zikishika nyuzi nne tu. Tulifunga ndefu mpya, tukahakikisha pini ya kati ya springi imeingia kwenye tundu la bloku, na gari likarudi baada ya kilomita mia kadhaa kukazwa upya. Bloku ni moja kila upande. Hazipangwi mbili, na si za mbao.

Bolti za bushi, za springi na za shokapu, zilikazwa gari likiwa limekanyaga chini. Ukizikaza ekseli ikiwa inaning'inia, raba ya bushi inaishi imesokotwa na kupasuka mapema.

Alaimenti ilifanywa mwisho, maana kabla urefu haujatulia ni kazi ya bure. Tairi za mbele zilikuwa zimeliwa ndani. Kemba, mlalo wa tairi ukilitazama kwa mbele, ilikuwa imelala ndani, na tou, mwelekeo wa tairi ukilitazama kutoka juu, ilikuwa imefunguka nje, na hilo la pili ndilo lililokuwa linakula raba zaidi. Taa nazo tulizishusha. Nyuma ilipokuwa chini kuliko mbele kwa milimita 25 zaidi ya kiwandani, kwenye gari lenye milimita 2,850 kati ya ekseli na ekseli, mwanga ulikuwa umepanda karibu sentimita tisa kila mita kumi. Waliokuwa wanakuja mbele yake usiku walikuwa wanamwashia taa, naye alidhani wanamsifia gari.

Mabano yaliyopasuka yalikatwa na kuchomelewa mapya kabla ya chochote kufungwa.

Jaribio la kamba

Rodi za shokapu hizi ziko wazi, hazina kifuniko. Nilifunga kamba nyembamba ya plastiki kwenye kila rodi, imekaza kiasi cha kusogea ikisukumwa lakini isianguke, nikaisukuma hadi kwenye sili. Rodi ikiingia, sili inaisukuma kamba; rodi ikitoka, kamba inabaki pale ilipofikishwa. Ni kifaa cha bei ya chini kuliko vyote nilivyo navyo na ninakiamini kuliko vingi.

Kijana alipakia vyombo vyake vyote, kama kilo 200, tukapita barabara ya vumbi aliyokuwa anaiogopa, matuta yote, na shimo moja alilozoea kulizunguka. Safari hii nilimwambia asilizunguke. Raba iligusa, tulisikia sauti nzito ya chini, isiyo ya chuma.

Tuliporudi nililala chini na rula. Kushoto, kamba ilikuwa imesimama milimita 19 kabla ya mwisho wa rodi. Kulia, 20. Nilimpa rula asome mwenyewe.